Mlango Ufunguliwao kutoka Nje: Majilio katika Barua za Gerezani za Dietrich Bonhoeffer

Kila inapokaribia Krismasi, fungu moja fupi la maneno ya mchungaji na mwanateolojia wa Kijerumani, Dietrich Bonhoeffer, hurudi tena mimbarini na kwenye kadi za salamu. Kwa muhtasari, fungu hilo lalinganisha maisha ya seli ya gereza na kipindi cha Majilio. Mfungwa hungoja, hutumaini, hujishughulisha na hili na lile, mambo ambayo mwishowe hayana uzito. Mlango umefungwa, wala hauwezi kufunguliwa ila kutoka nje. Mfano huu umependwa sana, na si ajabu, maana ni wazi na hauna mapambo. Lakini kupendwa kwake kumeugharimu. Mfano ukisharudiwa mara nyingi nje ya barua uliyomo, seli hugeuka kuwa picha tu, na mlango nao hukosa kufuli. Msomaji husahau kwamba aliyeandika alikuwa amefungwa kweli, na kwamba mlango wake haukuja kufunguliwa kwa namna aliyoitarajia.

Barua yenyewe ni ya tarehe 21 Novemba 1943, nayo iliandikwa katika gereza la kijeshi la Tegel, Berlin, kwa rafiki yake mpenzi, Eberhard Bethge. Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, ambayo Walutheri wa Ujerumani huitenga kwa kuwakumbuka wafu wao. Barua hiyo na nyinginezo alikuja kuzikusanya na kuzichapisha Bethge mwenyewe mwaka 1951, katika kitabu kiitwacho Widerstand und Ergebung, yaani upinzani na kujisalimisha. Jina hilo la kitabu linabeba swali linalostahili kuulizwa juu ya mfano wa mlango. Je, huku ni kutumaini, au ni kukata tamaa kulikovishwa joho la ibada? Mtu anayesema mlango hufunguliwa kutoka nje tu, amebakiwa na nini cha kufanya ndani?

Kiswahili kina msaada wa pekee katika kulijibu swali hili, na msaada huo unaanzia katika jina la kipindi chenyewe. Lugha nyingi za Ulaya zimechukua neno la Kilatini lenye maana ya ujio. Kiswahili cha makanisa kimeunda neno lake, Majilio, na uundaji huo si wa kubahatisha. Mzizi ni kitenzi -ja. Katika kauli ya kutendea, kitenzi hicho huwa -jia, yaani kuja kwa mtu au kuja kwa ajili ya mtu. Kikinyambuliwa mara ya pili huwa -jilia. Unyambulishaji huu wa mara mbili waonekana pia katika shika, shikia, shikilia, na katika tupa, tupia, tupilia. Anayeshikilia hashiki tu, bali ameshika kwa nguvu na kwa kusudi. Anayetupilia mbali hana nia ya kukiokota tena alichokitupa. Hivyo basi, anayejilia haji tu kama mgeni apitaye njia. Anakuja kwa nia, na ujio wake unamlenga mtu. Majilio ni neno lisilokamilika mpaka iulizwe: kumjilia nani?

Upande wa pili wa tukio hili ni kungoja, na hapo nako sarufi ya Kiswahili inasema jambo. Biblia ya Kiswahili, katika tafsiri ya Muungano iliyotoka mwaka 1952, inapozungumza katika kitabu cha Isaya juu ya watu wanaomngoja Bwana, haitumii ngoja pekee, bali ngojea. Kauli ni ileile ya kutendea. Mtu aweza kungoja bila kumngojea yeyote, kama mtu aliyesimama kituoni pasipo kujua gari gani litapita. Lakini anayengojea ana anayengojewa. Kwa hiyo katika Kiswahili kungojea na kujilia ni vitenzi viwili vinavyoelekeana. Mmoja yuko ndani, mwingine yuko nje, na kati yao uko mlango.

Bonhoeffer hakujua Kiswahili, wala hapana haja ya kumsingizia. Hata hivyo, barua alizoandika kati ya Novemba na Desemba 1943 zinaweza kusomwa kama maelezo marefu ya vitenzi hivyo viwili.

Hali yake kwanza. Alikamatwa tarehe 5 Aprili 1943. Wazazi wake waliruhusiwa kuandikiana naye, lakini barua hizo zilipita mikononi mwa wakaguzi. Bethge hakuweza kuandikiwa kwa njia ya halali. Barua za siri kwake zilianza tarehe 18 Novemba, baada ya kupatikana askari wa gereza aliyekuwa tayari kuzipitisha. Maana yake ni kwamba ile barua ya mlango iliandikwa siku tatu tu baada ya ufa mdogo kufunguka. Aliyesema kwamba mlango haufunguliwi ila kutoka nje alikuwa ndiyo kwanza amesaidiwa na mtu wa nje kupenyeza sauti yake. Jambo hili husahaulika fungu lile linaponukuliwa peke yake. Mfano wa mlango haukuzuka katika upweke mtupu. Ulizaliwa katika juma ambalo upweke ule ulikuwa umetobolewa.

Juma hilohilo mashambulizi makubwa ya ndege za Uingereza dhidi ya Berlin yalikuwa yameanza. Barua aliyoianza Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 28 Novemba, imejaa habari za mabomu na za jinsi gereza lilivyotikiswa. Katikati ya habari hizo Bonhoeffer anamkumbuka Altdorfer, mchoraji wa Kijerumani wa karne ya 16, aliyeichora familia takatifu usiku wa kuzaliwa Kristo ikiwa ndani ya nyumba iliyobomoka. Swali linalomshughulisha ni jinsi mchoraji yule alivyothubutu, kinyume cha desturi, kuweka kuzaliwa kule katika magofu. Msomaji wa haraka ataona hapo mapambo ya kitaaluma, msomi aliyelelewa katika nyumba ya vitabu na muziki akijifariji kwa kumbukumbu za makumbusho. Lakini mahali pa kumbukumbu hiyo ndani ya barua pana maana. Imefuatana na vioo vilivyovunjika. Kwa hiyo picha hiyo haimtoi mfungwa katika magofu, bali inamwambia kwamba magofu nayo ni mahali panapoweza kujiliwa.

Hapa ndipo tofauti kati ya maneno mawili ya Kiswahili inapokuwa na uzito: tarajio na tumaini. Yote mawili yametujia kutoka Kiarabu, na katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa bila madhara. Lakini asili zake si moja. Kutaraji ni kutazamia jambo fulani kwamba litatokea, na mara nyingi jambo hilo lina tarehe. Tumaini linatokana na mzizi wenye maana ya kutulia na kuwa na utulivu wa moyo. Mwenye matarajio anatazama mbele. Mwenye tumaini, kwa asili ya neno, ametulia mahali alipo kwa sababu ya anayemtegemea. Matarajio yaweza kuvunjika, na Waswahili husema hivyohivyo, kwamba yamevunjika, kana kwamba ni chombo. Tumaini mtu hulipoteza au hulikata, kwa maana lilikuwa lake na lilimfunga na kitu.

Desemba 1943 ilikuwa, kwa Bonhoeffer, mwezi wa kuvunjika kwa matarajio. Alitazamia kesi yake isikilizwe kabla ya Krismasi, na alitazamia kwenda nyumbani. Alikuwa amemchumbia Maria von Wedemeyer mwezi Januari mwaka uleule, na miezi michache baadaye akakamatwa. Barua kwa wazazi wake ya tarehe 17 Desemba inaanza kwa kukiri, kwa lugha ya upole inayoficha uchungu, kwamba sasa hana budi kuandika barua ya Krismasi iwapo atabaki gerezani. Barua za kabla ya hapo zina hesabu za siku, lakini hii haina tena. Ndiyo maana ni barua muhimu kuliko ile ya mlango, ingawa hainukuliwi mara nyingi hivyo.

Hoja yake ni hii. Kwa mtazamo wa Kikristo, Krismasi ya gerezani si tatizo la pekee. Katika nyumba ile ya mateso, anasema, huenda wengi wataiadhimisha kwa ukweli zaidi kuliko mahali ambapo limebaki jina la sikukuu tu. Mfungwa huelewa upesi kuliko wengine kwamba dhiki, umaskini, upweke, unyonge na hatia vina maana nyingine machoni pa Mungu kuliko katika hukumu ya wanadamu. Huelewa kwamba Mungu huelekea palepale ambapo watu hupapa kisogo, na kwamba Kristo alizaliwa zizini kwa kuwa hapakuwa na nafasi katika nyumba ya wageni. Kwa lugha ya sarufi iliyotangulia kuelezwa, barua hii inajibu swali ambalo neno Majilio huliacha wazi. Kumjilia nani? Kumjilia yule ambaye wengine wamempa kisogo. Kitenzi kimepata mtendewa wake.

Yawezekana kupinga kwamba hiyo ni faraja ya kawaida ya mahubiri, na kwamba mwandishi aliwaandikia wazazi wazee ambao hakutaka kuwaongezea huzuni, tena chini ya macho ya mkaguzi. Pingamizi hilo ni la haki. Sauti ya barua kwa wazazi na sauti ya barua kwa Bethge si moja. Kwa wazazi, Bonhoeffer ni mtulivu hata akielezea mabaya. Kwa Bethge anakiri hofu, hamu ya nyumbani, na hasira. Mhakiki anayezisoma kama maandishi ya sauti moja hupata mtakatifu wa mbao. Lakini tofauti hizo hazibatilishi hoja, kwa sababu jambo lililosemwa kwa upole kwa wazazi linarudi kwa ukali zaidi kwa rafiki. Katika barua ya Jumapili ya pili ya Majilio, tarehe 5 Desemba, anamwambia Bethge kwamba amekuwa akisoma Agano la Kale kuliko Jipya, na kwamba mtu hana haki ya kulirukia neno la mwisho kabla ya kupita katika neno linalotangulia la mwisho. Ni yule tu anayeupenda uhai na ardhi hii kiasi cha kuona kwamba vikitoweka kila kitu kimetoweka, ndiye awezaye kuamini ufufuo. Huu ni ukosoaji wa faraja ya haraka, nao umeandikwa na mtu aliyeihitaji sana faraja hiyo.

Kwa hiyo Majilio ya Bonhoeffer si njia ya mkato kuelekea Krismasi. Kalenda ya kanisa yenyewe inalinda jambo hili kwa kuweka majuma ya kungoja mbele ya sikukuu, ingawa biashara ya Desemba imeyameza majuma hayo karibu yote. Methali za Kiswahili nazo zinajua kwamba kungoja si jambo la sura moja. Subira yavuta heri, wasema wahenga. Lakini wahenga haohao wasema kwamba ngojangoja huumiza matumbo, na kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Watafsiri wa utamaduni hupenda kuchagua methali moja na kuitangaza kuwa ndiyo hekima ya Waswahili, ilhali hekima imo katika kule kupingana kwake. Ipo subira inayovuta, na upo ungojaji unaooza. Swali la fasihi na la imani ni jinsi ya kuzitofautisha mtu akiwa ndani, wakati mlango umefungwa kwa namna ileile katika hali zote mbili.

Hapo yafaa kumleta mfungwa mwingine, aliyeandika kwa Kiswahili. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga gerezani, mengine yakiandikwa kwenye karatasi za msalani na kutolewa nje kwa siri, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mashairi hayo ni ya Mwislamu wa Mombasa, yanasimama katika mapokeo ya utungo wa Kimvita, na hayana deni lolote kwa kalenda ya Kikristo. Ulinganisho basi hauwezi kuwa wa imani. Ni wa hali: kalamu iliyokatazwa, karatasi iliyopitishwa kwa siri, na siku zisizojulikana idadi yake kwa moyo hata kama zinajulikana kwa hesabu.

Katika shairi la Jipu, Abdilatif anaunda mfano wa kungoja ulio kinyume kabisa cha mlango wa Bonhoeffer. Jipu limetunga, lauma, lamkosesha raha mwenye nalo, lakini kuuma kwake kwenyewe ni kuiva, na kiivacho hutumbuka. Wengi wamelisoma shairi hilo kama fumbo la kisiasa, nao wana sababu. Ukombozi hapa hautoki nje. Unaiva ndani ya mwili unaoumwa, na maumivu ndiyo saa yake. Mshairi anayeshikilia msimamo wake, kama anavyotangaza katika shairi la Siwati kwa jina lake tu, hamngojei mtu aje kumfungulia. Anangoja wakati utimie.

Mifano hii miwili, mlango na jipu, ikiwekwa pamoja, kila mmoja unaufichua udhaifu wa mwenzake. Mfano wa jipu una nguvu ya kumpa mfungwa sehemu katika ukombozi wake. Uvumilivu wake ni kazi, nayo yazaa. Lakini wapo ambao dhiki yao haiivi. Wapo walioingia gerezani Tegel na katika maelfu ya vyumba vingine vya Ulaya ya miaka ile, na hakuna kilichotumbuka kabla hawajafa. Kwao, kuambiwa kwamba maumivu ni dalili ya kuiva ni dhihaka. Mfano wa mlango hauwadanganyi. Wakiri kwamba kuna mambo ambayo nguvu ya ndani haiwezi kuyatenda. Lakini nao una hatari yake, kwa kuwa ungeweza kumpendeza mlinzi wa gereza. Mfungwa anayeamini kwamba hawezi kufanya lolote ila mambo madogo yasiyo na uzito ni mfungwa mwema, asiyesumbua.

Ni hapa panapofaa kumsoma Bonhoeffer dhidi ya Bonhoeffer. Aliyasema yale anayoyafanya seli kuwa si kitu, lakini maandishi ya Tegel yanamkanusha. Kwa Krismasi ya 1943 aliandika sala kwa ajili ya wafungwa wenzake. Alijaribu kuandika riwaya na tamthilia. Aliwatuliza watu walioingiwa na hofu usiku wa mabomu. Zaidi ya hayo, mwaka mmoja kabla, Krismasi ya 1942, alikuwa amewaandikia rafiki zake wa karibu katika njama dhidi ya Hitler insha ya kutathmini miaka 10 ya utawala ule. Katika insha hiyo anawatetea wenye matumaini kuhusu wakati ujao dhidi ya wale wanaouona mwisho wa dunia karibu na kwa hiyo hukunja mikono. Huenda siku ya hukumu ikapambazuka kesho, asema, na hapo tutaacha kwa furaha kazi ya kutafuta kesho iliyo bora, lakini si kabla ya hapo. Mtu aliyeandika hivyo hakuwa mwalimu wa kukaa bure. Alikuwa amekwisha kufanya alichoweza mpaka mlango ulipofungwa. Mfano wa mlango si nadharia ya maisha yote. Ni ukweli wa seli, ulioandikwa na mtu ambaye nje ya seli alitenda.

Kuna ushahidi mwingine wa zamani zaidi. Tarehe 3 Desemba 1933, Jumapili ya kwanza ya Majilio, Bonhoeffer alihubiri mjini London, alikokuwa mchungaji wa Wajerumani waishio ughaibuni. Katika mahubiri yale alitumia mfano wa mchimba madini aliyefukiwa chini ya ardhi, aliyekwisha kukata tamaa, mpaka asikie kwa mbali mapigo ya nyundo ya wanaokuja kumwokoa. Tangu hapo kungoja kwake kunabadilika kabisa, ingawa bado yumo gizani. Miaka 10 baadaye, katika mfano wa seli, mapigo ya nyundo hayamo. Yamebaki mlango na upande wa nje. Wahakiki wanaoiona tofauti hii kama kupungua kwa imani wanakosea njia. Mhubiri wa 1933 alikuwa huru, akiwaeleza watu walio huru habari za kifungo, na alihitaji sauti ya nyundo ili wamwelewe. Mfungwa wa 1943 hakuhitaji kuitia. Alijua kwamba kungojea kwaweza kudumu pasipo sauti, kwa sababu kauli ya kutendea imo katika kitenzi chenyewe na haisubiri uthibitisho. Anayemngojea mtu ana mtu, hata mtu huyo asipobisha hodi.

Yule mchungaji wa London ana jambo la kuwaambia wasomaji wa Kiswahili waishio mbali na kwao, nalo si jambo rahisi. Ughaibuni ni mahali pa milango inayofunguliwa kutoka nje. Uamuzi wa ukaazi, viza ya mke au mtoto, barua ya ofisi isiyokuja, yote hayo yamo mikononi mwa wengine, na anayengoja hufanya hili na lile ili siku zipite. Kwa maana hiyo mfano wa seli unawafikia wengi bila tafsiri. Lakini historia ya mwandishi inauwekea mfano huo mpaka. Mwezi Juni 1939 Bonhoeffer alifika New York, ambako rafiki zake walikuwa wamempatia kimbilio salama. Kabla ya mwezi Julai kwisha alikuwa amekwisha kurudi Ujerumani, baada ya kumwandikia Reinhold Niebuhr kwamba asingekuwa na haki ya kushiriki katika kujenga upya maisha ya Kikristo nchini kwake baada ya vita asiposhiriki majaribu ya wakati ule pamoja na watu wake. Mtu aliyeandika juu ya mlango uliofungwa aliwahi kuwa upande wa pili wa mlango uliokuwa wazi.

Kisa hicho kisigeuzwe fimbo ya kuwachapia waliobaki ughaibuni. Wengi hawana pa kurudi, na wengi hulisha nyumba nzima kutoka walipo. Thamani yake ni nyingine. Kinaonyesha kwamba kungojea, kwa Bonhoeffer, hakukuwa jina la kukosa uamuzi. Palipokuwa na uamuzi wa kufanya, aliufanya, na akalipa. Anayeyatumia maneno yake kuhalalisha uvivu wa moyo, au kumwambia anayeonewa anyamaze, anayachukua maneno na kumwacha mwenyewe.

Barua moja zaidi yapaswa kutajwa, ile ya mkesha wa Krismasi 1943, kwa Renate na Eberhard Bethge, waliokuwa wakikabiliwa na kutengana. Humo anasema kwamba hakuna kitu kinachoweza kuchukua nafasi ya mpendwa asiyekuwapo, wala isijaribiwe kutafutwa. Ni makosa, asema, kudhani kwamba Mungu hulijaza pengo. Halijazi, bali hulitunza likiwa tupu, na kwa njia hiyo husaidia kuuhifadhi ushirika wa watu, ijapokuwa kwa uchungu. Katika Kiswahili neno pengo limechakaa kwa matumizi. Kila tanzia hutangaza pengo lisilozibika, na kila msomaji hulipita bila kusimama. Barua hii inalirudishia neno hilo makali yake. Pengo lisilozibika si malalamiko, ni wajibu. Kuliziba kungekuwa kumsaliti aliyeliacha. Anayefuatilia mazishi ya mzazi kupitia simu, kwa saa ya nchi nyingine, hahitaji kuelezewa hoja hii. Anahitaji tu kuambiwa kwamba utupu anaoubeba si dalili ya imani haba.

Na hapo ndipo barua hii inapoungana na jina la Majilio. Chumba kilichojazwa hakina nafasi ya kujiliwa. Nyumba ya wageni ya Bethlehemu ilikuwa imejaa, ndiyo maana zizi lilipata mgeni. Tumaini linaloharakisha kujaza kila pengo, kwa ahadi za mafanikio, kwa shamrashamra, kwa maneno makubwa ya mwezi wa Desemba, linajinyima kitu kilekile linachodai kukitafuta. Tumaini kwa maana ya asili, ule utulivu wa aliyemtegemea mwingine, laweza kuliacha pengo wazi bila kulikana.

Mlango wa Bonhoeffer ulifunguliwa. Mwezi Oktoba 1944 alihamishwa kutoka Tegel kwenda katika gereza la polisi wa siri mjini Berlin, na Krismasi ya mwaka huo aliwapelekea Maria na familia shairi lake la mwisho linalojulikana sana, juu ya nguvu njema zinazomzingira mtu. Kisha akapelekwa Buchenwald, na tarehe 9 Aprili 1945 akanyongwa huko Flossenbürg, akiwa na umri wa miaka 39. Aliyefungua mlango alikuwa mnyongaji. Kwa kipimo cha matarajio, huo ni ushinde mtupu, na uhakiki mwaminifu hauna ruhusa ya kuulainisha. Kwa kipimo cha tumaini, hukumu ni ya msomaji, naye hawezi kuitoa kwa kusoma fungu moja la kadi ya salamu. Itampasa azisome barua kwa tarehe zake, kuanzia ile ya mlango hadi ile ya pengo, na aone kama kitenzi kinasimama mpaka mwisho: kama aliyengojea alikuwa, siku zote zile, na wa kumngojea.